Nilivyoangukia Sakafu Maskati

Mdogo wangu Seif, pokea salamu za kakako, mimi mzima ila goti. Huku serikali inatoa kila kitu, hospitali bure, dawa bure, na ndani baridi kama umo kwenye friji. Wameniletea kiti cha magurudumu nikakikataa. Mjukuu wa mtu wa Bustan, hapa hapa Maskati, hasukumwi kama gari bovu!

Mwanangu Salma alitaka kunisemea kwa daktari. Nikamwambia nyamaza, Kiarabu mimi nimekisoma chuoni wewe hujazaliwa. Basi nikamweleza daktari kwa Kiarabu kwamba nimetoka kitandani nikaanguka kwenye sakafu. Kumbe Seif, hiyo sakafu yetu ya kukanyaga, kwao hawa ndiyo dari! Daktari akatazama juu, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Mzee, uliruka au ulipaa?" Kisha akaniuliza, "Wewe Zinjibari, siyo?"

Nikamjibu mimi Mmaskati kuliko yeye. Lakini nilimjibu kwa Kiswahili, Kiarabu chote kilinikimbia.

Garini Salma akanambia taratibu, "Baba, siku nyingine niachie mimi niseme."

Tangu hapo ananisemea yeye, dukani, hospitali, hata kwa jirani. Mimi niliyekuwa nikizozana na mtaa mzima wa Malindi huko kwetu, sasa nnakaa kama mgeni wa kupita. Akenda kazini, kutwa sisikii hata sauti yangu mwenyewe.

Nipigie simu, ndugu yangu. Usinambie la maana, nibishie tu. Mungu akuweke, wewe na wanao.

Kakako, Nassor