Vua Mtandio, Mjukuu Wangu

Nyumba ya mlango wa buluu,
nyuma ya fundi viatu.
Jumapili, tarehe 9 Mei.

Mpendwa mjukuu na mke mwenzangu,

Hujambo? Umekula leo, chakula cha kukaa mezani, si cha kudonoa jikoni umesimama? Na hilo shavu, bado linavuta ukicheka? Sisi huku wazima. Goti langu linalalamika, lakini limezoea kutosikilizwa. Mume wetu mzee anakohoa kwa madaha ili aletewe chai.

Kalamu ameishika shangazi yako. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapunguza makali.

Barua yako imefika. Kumbe mafuta ya jiko la hoteli yalikuchoma kutoka sikioni hadi kidevuni, na mimi uliniambia kwenye simu ni alama ndogo! Nimelia, nikakasirika, nikalia tena. Sasa nimemaliza, tuzungumze.

Unasema mashine ya uwanja wa ndege ilikutazama usoni ikakukataa. Afisa akakuomba uvue mtandio na ufute poda, foleni yote iko nyuma yako, ukaona haya, ukaburuta sanduku ukarudi zako. Huku mimi na babu yako tumesimama kwenye mlango wa wanaofika mpaka mfagiaji akatuomba tusogeze miguu. Babu yako akamwambia, "Subiri kidogo, kijana, mke wangu mdogo yuko nyuma, ana mizigo."

Hapo shangazi yako kaacha kuandika. "Mama, hilo usimwambie, litamuuma." Andika! Na limuume.

Nimemuuliza jirani yetu, yule anayekagua abiria. Anasema mashine inalinganisha uso wa msafiri na picha ya kwenye pasi, ili mtu asipande ndege kwa jina la mwenzake. Basi siilaumu. Hata mimi ningetaka kujua niliyekaa naye huko juu ni nani. Ilikuwa inamtafuta mjukuu wangu, wewe ukaipa poda na kitambaa. Ingefanyaje?

Jirani anasema upige picha mpya ya pasi, uso wazi, na ubebe barua ya daktari. Ukiomba, afisa anaweza kukukagua chemba, mbali na macho ya watu. Omba. Mdomo haukuungua.

Lakini najua si mashine unayoiogopa. Unaogopa ule mlango tuliosimama sisi. Sikiliza, mama. Siku uliyozaliwa nilikupokea mimi, kichwa kimebonyea kama sufuria iliyoanguka, sikio moja limekunjika. Mama yako akaniuliza kama u mzuri. Nikamwambia hapana, lakini ni wetu.

Tutakutazama, ndiyo. Nitakutazama sana, nitalishika hilo shavu, pengine nitalia mbele za watu. Kisha tutarudi nyumbani na utaosha vyombo.

Shangazi yako anakusalimu, na wadogo zako, na babu yako anayedai humwandikii. Picha mpya ikitoka, nitumie moja. Ile ya zamani nimeitunza sandukuni, nikafuta kioo cha fremu, nikairudisha fremu ukutani ikiwa tupu. Wageni wananiuliza. Nawajibu, mwenyewe anakuja.

Mungu akupe moyo wa kuinua uso.

Ni mimi bibi yako, akupendaye hata ukinuna.