Mashua ya Volti Mia na Kumi

Kigoma

Mama yangu mupenzi,

Kikohozi cha Papa kimemuachia? Na mihogo ya shamba la Mpofi ilipata mvua, ao ingali inangoja? Miye mwili uko muzima. Roho njo inalemewa, na nataka usikie kwangu, si kwa watu wa njiani.

Ule patro, tajiri wa mashua ya samaki, mwenye aliniahidi kazi ya umeme na chumba cha kuishi na mutoto wangu Neema, mashua yake ilitengenezwa Amerika. Kule Kalemie ilikuwa inatumia grupe, mashine ya kutoa umeme, yenye ilikuja nayo. Tulipovuka kufika huku Tanzania, grupe ikafa, na frigo imejaa samaki. Patro akasema, «Mama Neema, unganisha na umeme wa bandari.»

Nikafanya vile Papa alinifundisha kwenye turbine ya mutoni. Unajua umeme wa kwetu uko zaifu, kila muntu anajaribu kwanza na ampule ya taa: ikiwaka nyekundu unaacha, ikiwaka nyeupe unaunganisha. Ikawaka nyeupe kabisa, Mama, hata nilifurahi. Nikaomba patro anipe muda niangalie nyaya.

«Unaogopa nini? Samaki haingojake masomo!»

Nikaunganisha. Taa za mashua zote zikapiga kama radi, zikazima. Frigo ikalia, ikatoka moshi. Fundi mumoja wa bandari akaruka ndani, akachomoa waya, akapangusa kibao cha chuma nyuma ya frigo, kimeandikwa: volti mia na kumi. Bandari inatoa mia mbili na zaidi.

«Dada, hapa katikati ulitakiwa kuweka transfoma ya kupunguza umeme,» akasema.

Wabeba mizigo wakacheka: «Mkongo kachoma samaki bila mkaa!»

Sisi tunaogopaka tu umeme mudogo. Mukubwa tungeuogopea wapi? Kile kibao nilikuwa nakipita kila siku nikifagia. Sikukisoma.

Nilitaka Papa asijue habari ya ampule. Hapana, umuambie, lakini polepole. Asijihukumu. Mikono ni yangu.

Patro amenifukuza, chumba amekifunga. Nalala kwa mama mumoja muuza dagaa, sisi na watoto wake watano kwenye mukeka mumoja. Kila asubuhi nazunguka mafundi wa bandari. Wakiniona tu wanasema, «Yule wa frigo.» Mama, nimechoka mpaka kuomba Mungu nasahau.

Kwa hiyo Neema asipande lori ya Papa Kambale kunifuata huku. Najua umeisha kumusuka, na ameaga wenzake. Nasema hapana. Barua hii naipiga picha, naituma kwa simu ya kaka, ifike mbele lori haijatoka. Usimudanganye kama lori imeharibika. Umukalishe karibu yako, umuambie: mama yako alikosea kazi, hana pahali pa kukulaza. Akilia, umuache alie. Akinitukana, usimupige.

Unisalimie Papa, na kaka yangu mwalimu, na shangazi wa Burungu na ng'ombe zake. Papa Kambale umushukuru, nafasi ampe muntu mwingine.

Na Jumatatu, Mama, umurudishe Neema kwenye masomo, asubuhi sana, mbele hawajapatia mwingine kiti chake.

Ni miye mutoto wako,
Mama Neema