Petroli Mkononi Hadi Ifakara

Shikamoo mama,

Tumefika salama, na mvua ya Ifakara imetupokea. Kaburi la babu aliyekufa kwenye Maji Maji tumeliona kule Mahenge, ndugu wamelifyeka vizuri.

Tulipokuwa tunarudi huku tulimpakia dada mmoja, Asumpta, aliyeshikwa na uchungu, pamoja na mama mkwe wake. Mbele kidogo pikapu ikazima. Shemeji Damasi akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nikapiga stata, petroli haikuja hata tone. Akapuliza kuelekea kwenye tangi, tukasikia mafuta yakibubujika ndani yake.

"Njia iko wazi," akasema. "Pampu ndiyo imekufa."

Mkulima aliyekuwa akipulizia dawa mpunga wake akaja kutazama. Alipomsikia Asumpta akilia, alichomoa mpira wa bomba lake, akausuuza, akatupatia.

"Chukueni. Magugu yatasubiri, mtoto hasubiri."

Tukaunganisha dumu la petroli ya akiba na kabureta kwa mpira ule. Damasi akashika usukani, mimi nikakaa kando yake, mkono nje ya dirisha, nimelishikilia dumu juu ili mafuta yateremke yenyewe. Gari likawaka! Tulikwenda polepole, Asumpta akiniambia, "Kaka, usilishushe."

Pale hospitali ya Ifakara mama mkwe wake alinikanda mkono uliokufa ganzi, huku akisali, mpaka nesi akatoka kutuambia ni mtoto wa kike, na mama yake mzima. Nikalia, mama, mbele ya watu.

Nakushukuru kwa kunizaa. Mungu akutunze.

Mwanao,
Fidelis