Jumamosi kwa Mwalimu Gu

Gurye, 6 Machi 1993

Mwanangu Hyangsuk,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mkwe wangu, na duka lenu la viatu linakwenda. Mimi sijambo, ila magoti yananung'unika, theluji ya mlimani bado haijaisha. Ile kabichi ya kuchachusha imefika? Anzeni na ya chini, ndiyo iliyoiva.

Sasa habari yenyewe. Tangu mwaka mpya najifunza kuimba. Usicheke. Baba yako alipotangulia nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia friji ikihema. Basi nikaenda kwa Mwalimu Gu, yuleyule wako, nikamwambia nami nataka kuimba hadithi, nisimame na upepeo mkononi kama mlivyokuwa mkifanya. Alivuta ngoma yake akaanza kupiga.

Juzi nikiwa katikati ya kile kipande cha mama anayefua nguo mtoni wakati wa baridi, akagonga ukingo wa ngoma, akasema, "Hapo ndipo, Mama Hyangsuk. Hapo ndipo." Nilirudi nyumbani sijui miguu ilipita wapi.

Anakusalimu.

Mama yako

*

Busan, 19 Machi 1993

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Kabichi imefika, imekolea vizuri, asante.

Barua yako nimeisoma na kuisoma tena hadi mume wangu akauliza nani kafa. Mama, kwa mwanamke yule niliingia na miaka kumi na miwili, nikatoka nikiwa mtu mzima, koo limechanika. Alinisimamisha kwenye maporomoko sauti yangu ishindane na kishindo cha maji mpaka nikatema damu. Hata siku moja hakuniambia "hapo ndipo". Alikuwa na neno moja: "Tena." Wewe umekwenda miezi miwili, tayari umelipata.

Niambie ukweli. Alipolisema, alitabasamu? Maana mimi meno yake siyajui.

Na katika vipande vyote, kwa nini hicho? Hicho ndicho sauti iliponikatikia mbele ya watu, nikaacha kuimba. Jifunze kingine. Hicho ni changu.

Binti yako

*

Gurye, 11 Aprili 1993

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima. Maua ya mcheri yamefunguka njia nzima ya mtoni, yatapukutika wiki hii.

Alitabasamu. Umeuliza, nimekujibu.

Kipande si chako. Nani alikuwa anakupeleka? Nani alikaa kwenye kile kibaraza, mvua yake na theluji yake, akimmenyea Mwalimu vitunguu saumu huku mlango umefungwa? Nilikuwa naimba kimoyomoyo. Pale ulipokuwa ukipotea, mimi nilikuwa sipotei. Halafu unatoka umenuna, nami natamani nikuzabe kofi. Si kwa kununa kwako. Ulikuwa unatoka katika chumba nilichotaka kuingia mimi. Kwa hiyo usidhani wivu umeuanza wewe katika familia hii.

Mwezi wa sita sisi wanafunzi tutaimba kwenye ukumbi wa wilaya. Mimi naimba hicho hicho. Ukitaka njoo, usipotaka usije.

Mama yako

*

Gurye, 30 Mei 1993

Mwanangu,

Natumai uko salama. Barua yangu hukuijibu, lakini habari zako ninazo. Jumapili ulikuja Gurye. Ulikaa kwa Mwalimu, ukanywa chai yake ya shayiri, ukapanda basi ukarudi Busan. Kwangu hukufika, na ni kuvuka daraja tu. Limeniuma, lakini kuna lililoniuma zaidi.

Mwalimu amenisimulia yote. Ati ulimuuliza, "Mama yangu ana nini ambacho mimi sikuwa nacho?" Naye akakujibu, "Hana kitu. Wewe ulikuwa na sauti, ndiyo maana nikakukaba. Mama yako ni mjane, anakuja kupoza moyo. Nimsumbue ya nini?"

Alinieleza hayo huku akinimiminia chai, anadhani nitafurahi kwamba mmepatana. Kumbe zile sifa zangu zilikuwa peremende ya kumnyamazisha mtoto. Na kila "tena" uliyokuwa ukiililia, wewe ulikuwa unapewa ninachonyimwa mimi.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Nigombeze."

"Mama Hyangsuk, una miaka sitini na mmoja."

"Basi usinicheleweshe. Na jina langu ni Bokrye."

Akavuta ngoma. Hata mstari wa kwanza sikuumaliza. "Bokrye, unaimba kama muuza samaki anayefukuza paka," akasema. "Tena."

Tulibaki kwenye mstari huo huo mpaka chai ikapoa ikamwagwa. Nimerudi sina sauti hata ya kumwita jirani. Nimemkasirikia sana. Jumamosi narudi.

Mama yako

*

Busan, 8 Juni 1993

Mama, shikamoo, na pole kwa koo. Chemsha peasi na asali, unywe ikiwa vuguvugu, wala usinong'one, kunong'ona kunachosha koo kuliko kupiga kelele.

Muuza samaki anayefukuza paka? Mimi nilikuwa ng'ombe aliyekwama matopeni, tena mwaka mzima. Usijione umefika.

Nisamehe kwamba sikufika kwako. Nilisimama darajani. Niliogopa nitakukuta ukifanya mazoezi. Ungekuwa mbaya, ningeona aibu. Ungekuwa mzuri, nisingevumilia.

Ukumbini nitakuja. Wengine wakikuitikia, mimi nitanyamaza. Usinitafute kwa macho.

Binti yako

*

Busan, 27 Juni 1993

Mama, shikamoo. Tulifika salama, na asante kwa chakula.

Mwanzo uliharibu. Ulipanda mapema, pumzi ikakuishia. Lakini pale mama anapokuta jiwe lake la kufulia limepasuliwa na barafu, sauti yako ilishuka mahali ambapo mimi sikuwahi kufika. Ukumbi mzima uliitikia. Mimi nilijiziba mdomo kwa mkono. Mume wangu alidhani nalia. Nilikuwa na wivu, Mama, hadi meno yananiuma.

Jana nimempigia simu Mwalimu, nikamwambia nataka kurudi. Hakusema karibu. Alisema, "Imba." Hapo niko dukani, mteja kavaa kiatu kimoja. Nikaimba. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Miaka yote hii umeitupa. Tena." Nikarudia. Mteja akaondoka bila kununua.

Amenipa Jumamosi. Najua ni siku yako. Tafuta nyingine.

Binti yako

*

Gurye, 3 Julai 1993

Mwanangu Hyangsuk,

Natumai mko wazima. Huku mvua tangu juzi, mto umejaa, mimi sijambo.

Sitafuti siku nyingine. Nimeshazungumza na Mwalimu: asubuhi ni yangu, wewe utaingia nikitoka. Usiku utalala kwangu, nimeshaanika godoro.

Ila njoo na basi la saa sita, si la mapema zaidi. Kuna mstari nimeuweza wiki hii, sitaki uusikie ukauiba.

Mama yako