Utando, Mama, Si Mtandao

Jumatatu, 3 Juni
Seremala mzima nimepigwa na mlango wangu mwenyewe! Nilikuwa naupachika, bawaba ikang'oka, ukanichapa sikio la kushoto. Limevimba, linang'aa kama puto. Bosi kacheka mpaka kakaa chini. Na Jumamosi wazazi wa mchumba wangu wanakuja kuniona kwa mara ya kwanza. Kuniona!

Jumanne, 4 Juni
Kwa daktari. Mama kanisindikiza kama mtoto wa chekechea. Daktari kaeleza: gegedu la sikio, ule mfupa laini, limevikwa utando, na utando huo ndio unaolilisha. Damu imeingia katikati, utando umeachana na gegedu. Kaivuta damu kwa sindano (nimelia, basi), kanizungushia bandeji kichwa kizima. Nisiifungue wiki nzima. Nikiifungua damu itarudi, sikio litanyauka, libaki limekunjamana maisha yangu yote.

Njiani Mama kampigia shangazi: mtoto mtandao umemkatikia sikioni! Nikamwambia utando, Mama. Akasema ni hivyo hivyo, tena chanzo ni hizo simu mnazolala nazo.

Alhamisi, 6 Juni
Simu yangu imefungiwa kabatini. Na leo Mama kaleta fundi simu! Jamaa kaja na bisibisi. Kanimulika sikio juu ya bandeji, kafikiri sana, kasema spea ya hii hana. Mama kanuna: fundi gani huyu?

Kioo nacho hakina adabu. Nimekaa kama kifurushi. Wakwe wanione hivi?

Jumamosi, 8 Juni
Naandikia bafuni. Wamefika! Uvumilivu umenishinda, nimeanza kuifungua. Nusu iko kichwani, nusu kwenye sinki. Sikio linapwita upya — mama yangu wee!

Sebuleni Mama anawaeleza habari za mtandao. Mchumba wangu anajizuia kucheka, anashindwa. Baba yake akauliza: si utando huo? Eti na yeye ujanani alipigwa mpira sikioni, akaifungua bandeji siku ya kwenda kwa wakwe, ili apendeze. Mama kapiga yowe. Nadhani mzee kavua kofia, wameliona sikio lake.

Sasa mzee anagonga mlango wa bafu. Anasema fungua, mwanangu, nikufunge.

Hapo hapo Mama: muulize kama mtandao umerudi!

Mlango umekwama. Huu nao kazi yangu. Mzee anasema nikae pembeni, anausukuma kwa bega. Pembeni ipi, na bafu lenyewe dogo hivi?

Sikio la kulia nimelifunika kwa mkono.