Jino la Zubeda Juu ya Bati

Shangazi Marietha, shikamoo. Nisaidie mwanao, nina swali linaloninyima raha na sina wa kumuuliza. Binti yangu Zubeda, wa miaka tisa, aligongana na mwenzie wakicheza rede, jino la mbele likang'oka zima zima, mama mkwe wangu akaliokota akalirusha juu ya bati kama wazee walivyozoea, ili liote jipya, sie tukaendelea na shughuli zetu mpaka alasiri jirani yetu Sesilia aliposikia akapiga kelele, "Nyie, hilo si la utoto, halioti tena! Litieni kwenye maziwa mkimbie kwa daktari!" Basi baba Zubeda akapanda juu, akalikuta limekaukia juani, tukalitia kwenye maziwa tukaenda nalo kwa daktari wa meno.

Dokta Gervas akatoa simu. Nikashangaa, daktari mzima anaiuliza simu? Kila ilipouliza naye akaniuliza, liling'oka lini, limekaa kwenye nini, na mama mkwe yuko pembeni yangu, nikaona haya kumuumbua, nikasema limekaa kwenye maziwa tangu lilipotoka, mkwe akainamisha kichwa. Dokta akabonyeza, akasoma, akalirudisha jino akalifunga kwa waya, akasema tusubiri, kwa umri wake mzizi unaweza kufufuka wenyewe. Shangazi, ile simu inajua hali ya jino, au inajua nilichosema mimi? Na ningesema bati, ingejibu nini? Zubeda naye hanipi nafasi, "Mama, mbona hukumwambia dokta kuhusu bati?" Nikisema sasa, mkwe ataona nimemvua nguo.

Mama Zubeda, Tegeta

Marahaba, Mama Zubeda. Swali lako limenifurahisha, uongo wako umenikera. Nimempigia daktari wa meno ninayemwamini. Anasema simu ile haioni chochote. Imewekewa maarifa ya mabingwa wa meno, nayo humwonyesha daktari njia kulingana na majibu anayoiingizia. Wewe umempa fundi cherehani vipimo vya mtoto wa jirani. Atashona vizuri sana, na gauni halitamwingia wako.

Jino lililowahishwa kwenye maziwa, kwa mtoto wa umri huo, linaweza kusubiriwa. Lililokaushwa na jua ni habari nyingine: vinyama vinavyolishikilia kwenye taya vimeshakufa, na mzizi unataka kushughulikiwa mapema. Kwa hiyo huko kusubiri kwenu ndiko kunakoweza kumharibia. Sikufichi, huenda lisidumu hata hivyo, lakini daktari akijua ukweli atapanga matibabu yanayomfaa mtoto anayekua.

Mkwe wako usimlaumu. Alimtakia mjukuu wake jino jipya, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba la ukubwani halina mbadala. Tena nadhani kile kichwa hakikuinama kwa ajili ya bati. Kiliinama baada ya kukusikia. Mwambie leo, kwa adabu, "Mama, dokta anahitaji kujua jino lilikaa wapi, twende tukamwambie."

Kesho asubuhi nendeni wote watatu. Dokta akitoa simu yake na kuuliza upya, wewe funga mdomo, mwache Zubeda ajibu.