Kunde za Darasa

Ngorongo, Jumatano usiku

Kunde zangu pishi mbili zilipotea jana, baada ya somo. Vibaba vinane, viwili kwa siku, zilitosha kulisha darasa hadi Jumamosi. Bwana Shauri, yule ofisa wa wilaya, alinipa vijana kumi wasio na kitu, niwafundishe kupanga mlo kwa senti chache. Kunde hakunipa. Nilinunua mwenyewe, kwa fedha yangu ya kuuza vitumbua.

Asubuhi nimewabana. Kumbe wamezipanda! Maji ya mto yamepungua, tope la ukingoni liko tayari kupandwa, wakaona ni dhambi mbegu kukaa kapuni.

"Mwalimu, si ulisema tupange chakula?" Siwema akanijibu bila haya. "Za chunguni zinaliwa mara moja. Hizi tutachuma majani, kisha kunde."

Wenzake wakacheka. Nilikwenda kuangalia nikiwa na hasira, nikajikuta nahesabu mashimo. Yamenyooka kweli. Kila shimo litatoa majani kiasi gani? Na kunde nilizonunua ni za mwaka jana, zitaota?

Sijui. Nataka sana kuona.

Lakini matumbo kumi hayangoji. Siwema, kesho kabla ya adhuhuri unijibu bila kuzunguka: mpaka majani hayo yachumike, tutakula nini?